Kazi ya uzingatiaji: Mafanikio yasiyoonekana yaandikweje katika wasifu?

MWOMBAJI wa kazi ya mauzo hapati shida kubwa anapoandaa wasifu wake. Hutaja idadi ya wateja aliowaleta na fedha walizoingiza, na mwajiri humwelewa mara moja. Afisa mikopo naye hutaja mikopo aliyoisimamia na kiasi kilichorejeshwa. Lakini afisa uzingatiaji, yaani yule anayehakikisha kuwa benki au kampuni inafuata sheria, kanuni na taratibu zinazoihusu, anakabiliwa na kitendawili. Siku aliyoifanya kazi yake vizuri ni siku ambayo hakuna kilichotokea: hakuna faini iliyotozwa, hakuna mteja bandia aliyefunguliwa akaunti, hakuna barua kali iliyotoka kwa mdhibiti.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika fani hii methali hiyo haimsaidii sana mwombaji, kwa kuwa chema chenyewe hakionekani. Ndiyo maana wasifu wa waombaji wengi wa nafasi hizi hufanana kana kwamba umetolewa nakala kutoka ukurasa mmoja: “Kusimamia uzingatiaji wa sheria”, “Kuandaa taarifa za kila mwezi”, “Kutoa mafunzo kwa wafanyakazi”. Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli, lakini hayamwambii mwajiri kama mwombaji alikuwa hodari, wa kawaida, au mzembe aliyekuwa akipokea mshahara tu.

Hata hivyo, mafanikio ya kazi hii yanaandikika. Yanachohitaji ni mwombaji kueleza mabadiliko yanayoweza kuthibitishwa, kwa kiasi kisichozidi ukweli na bila kutoboa siri za mwajiri wake. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoutofautisha wasifu wa fani hii na wasifu wa fani nyingine.

Uzito wa nafasi hizi

Mwezi Aprili 2005, Kamati ya Basel ya Usimamizi wa Mabenki ilitoa mwongozo kuhusu kitengo cha uzingatiaji katika benki. Mwongozo huo ulitaja hatari tatu zinazoikabili benki isiyofuata sheria na kanuni: kuadhibiwa kisheria au na mdhibiti, kupata hasara kubwa ya fedha, na kuharibikiwa jina.

Nchini Tanzania, Bunge lilitunga Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu mwaka 2006, na Zanzibar ikawa na sheria yake mwaka 2009. Wajibu wa kutoa taarifa chini ya sheria hizo hauziangukii benki peke yake. Unazigusa pia kampuni za bima, maduka ya kubadilisha fedha za kigeni, waendeshaji wa michezo ya kubahatisha, mawakala wa nyumba na viwanja, wafanyabiashara wa madini ya thamani, wahasibu na mawakili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeongeza mzigo mwingine kwa kila taasisi inayokusanya taarifa za watu.

Mifano ya gharama ya kuzembea haiko mbali. Julai 2014, idara ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayopambana na uhalifu wa kifedha, FinCEN, iliitaja Benki ya FBME, ambayo makao yake makuu yalikuwa Dar es Salaam na sehemu kubwa ya shughuli zake Cyprus, kuwa taasisi inayotia wasiwasi mkubwa wa utakasishaji fedha. Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania ikaifutia leseni. Nchini Kenya, Septemba 2018, Benki Kuu ya nchi hiyo ilizitoza benki tano faini ya jumla ya shilingi za Kenya milioni 392.5 kutokana na kasoro katika kushughulikia fedha zilizohusishwa na kashfa ya Huduma ya Vijana kwa Taifa.

Tanzania yenyewe iliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na Kikosi Kazi cha Kimataifa cha Kudhibiti Fedha Haramu, FATF, mwezi Oktoba 2022, ikaondolewa Juni 2025. Nchi inapokuwa katika orodha hiyo, benki za nje hukagua kwa makini zaidi malipo yanayotoka au kuingia nchini humo, na mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou anaweza kuona malipo yake yakicheleweshwa kwa maswali yasiyokwisha.

Kwa hiyo mwajiri anayetafuta afisa uzingatiaji anatafuta mtu wa kumkinga na mambo kama hayo. Anaposoma wasifu, swali alilonalo moyoni ni moja: je, mtu huyu akiondolewa pale alipokuwa, nini kingeharibika?

Jukumu si mafanikio

Kosa linalojitokeza zaidi ni kunakili maelezo ya kazi kutoka katika barua ya ajira na kuyaita mafanikio. Jukumu ni kile ambacho mtu aliajiriwa kukifanya. Mafanikio ni hali iliyokuwapo kabla yake, ikabadilika kwa sababu ya alichokifanya.

Chukulia mwombaji aliyeandika: “Nilihusika na utambuzi wa wateja.” Msomaji hajui idadi ya wateja, ugumu wa kazi wala matokeo yake. Mtu huyo huyo, kama kumbukumbu zake zinamruhusu, angeweza kuandika hivi: “Nilipopokea dawati la wateja wa kampuni, majalada 640 kati ya 1,900 hayakuwa na uthibitisho wa wamiliki manufaa. Nilipanga upya majalada hayo kwa kiwango cha hatari, nikaanza na yenye hatari kubwa, na kulinganisha taarifa zake na kumbukumbu za BRELA. Katika miezi tisa yakabaki 35, yote yakiwa na sababu zilizoandikwa na kuridhiwa na mkuu wa kitengo.”

Tarakimu hizo ni za mfano tu, lakini umbo lake ndilo la kuzingatiwa. Lina sehemu nne: hali ilivyokuwa, hatua iliyochukuliwa, kilichobadilika, na aliyethibitisha. Sehemu ya nne ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye uzito mkubwa katika fani hii. Mafanikio yaliyothibitishwa na mkaguzi wa ndani, mkaguzi wa nje au kamati ya bodi hayasimami tena juu ya neno la mwombaji peke yake.

Ikumbukwe pia kwamba 35 yaliyobaki yametajwa. Mwombaji asiye na uzoefu angetamani kuandika kuwa majalada yote yalikamilika. Msaili mzoefu anajua kuwa kazi ya aina hiyo haiishi kwa ukamilifu, na hesabu isiyo na salio humtia shaka.

Kupima kisichotokea

Wapo wanaodai kuwa kazi yao haina tarakimu. Ukweli ni kwamba tarakimu zipo nyingi, ila hazina sura ya shilingi. Afisa uzingatiaji anaweza kupima muda unaotumika kuchunguza tahadhari inayotolewa na mfumo wa kompyuta, idadi ya tahadhari zilizolimbikizwa bila kushughulikiwa, hoja za ukaguzi zilizofungwa kabla ya tarehe ya mwisho, na hoja zilizojirudia katika ukaguzi uliofuata. Anaweza kupima sehemu ya wafanyakazi waliofaulu mtihani baada ya mafunzo, ikilinganishwa na kabla ya mafunzo. Anaweza kuhesabu taarifa za kisheria zilizowasilishwa kwa wakati katika miezi kumi na miwili mfululizo.

Hoja ya ukaguzi isiyojirudia ni kipimo kizuri kuliko vingi. Kufunga hoja ni rahisi, kwani hata barua yenye ahadi huweza kuifunga kwa muda. Hoja isiporudi mwaka wa pili ndipo inapojulikana kuwa chanzo chake kilitibiwa. Mwombaji anayeweza kuandika, “Hoja tatu zilizokuwa zikijirudia kuhusu akaunti zilizolala hazikuonekana tena katika kaguzi mbili zilizofuata,” amesema jambo kubwa kwa maneno machache.

Pale ambapo tarakimu hazipo kabisa, kitu kilichoachwa nyuma hutosha: mwongozo ulioandikwa na kupitishwa na bodi, rejesta ya migongano ya maslahi iliyoanzishwa, fomu mpya ya kumtambua mteja inayotumika hadi leo katika matawi yote. Kitu kinachoendelea kutumika baada ya mwenyewe kuondoka ni ushahidi kuwa kilikuwa na manufaa.

Tarakimu zinazomgeuka mwenyewe

Si kila namba kubwa ni sifa. Katika fani hii zipo tarakimu ambazo mwombaji huziandika kwa fahari, kumbe zinamfukuzia kazi.

Ya kwanza ni idadi ya taarifa za miamala shuku zilizopelekwa katika Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Taarifa nyingi zaweza kuwa dalili ya umakini, na zaweza pia kuwa dalili ya woga wa afisa anayepeleka kila kitu ili ajikinge. Thamani ya taarifa iko katika ubora wa uchambuzi wake. Ni afadhali kueleza kuwa uandishi wa taarifa uliboreshwa kwa kuweka utaratibu wa mtu wa pili kuzipitia kabla hazijapelekwa, kuliko kutaja wingi wake.

Ya pili ni idadi ya tahadhari zilizofungwa. Anayejisifu kuwa alifunga tahadhari 3,000 katika mwezi mmoja ajiandae kuulizwa alitumia dakika ngapi kwa kila moja. Vivyo hivyo kwa anayeandika kuwa alipunguza tahadhari za mfumo kwa nusu. Kupunguza ni rahisi. Mtu huweza kupandisha kiwango cha fedha kinachouamsha mfumo, na kelele zikatulia. Swali ni kama yale ya kweli hayakupita chini ya uzio. Wasifu mzuri hujibu swali hilo kabla halijaulizwa: “Kabla ya kubadilisha viwango, sampuli ya miamala ya miezi sita ilipitiwa upya kuthibitisha kuwa hakuna muamala shuku uliokuwa ungeachwa.”

Ya tatu ni ile kauli ya “hakuna faini yoyote katika kipindi changu”. Kauli hiyo haina maana iwapo katika kipindi hicho mdhibiti hakufika kukagua. Tena, kutotozwa faini ni matokeo ya kazi ya watu wengi, kuanzia mkurugenzi mtendaji hadi karani wa dirishani.

Mpaka wa siri

Hapa ndipo wasifu wa afisa uzingatiaji unapoachana kabisa na wasifu mwingine. Sheria inamtaka mtoa taarifa kuifikisha taarifa ya muamala shuku ndani ya saa 24 tangu shaka ilipojengeka, na inakataza kumtonya mhusika au mtu mwingine asiyestahili kuwa taarifa hiyo imetolewa. Kumtonya mtu ni kosa la jinai. Wasifu unaosambazwa kwa waajiri kumi, ukapita kwa mawakala wa ajira na kuhifadhiwa katika kompyuta zisizojulikana, si mahali pa kueleza kuwa “niligundua muamala wa kampuni fulani ya mafuta na kuutolea taarifa”. Hata bila jina la kampuni, mwezi, mji na aina ya biashara vinatosha kumfanya msomaji akisie.

Taarifa za ukaguzi wa mdhibiti nazo ni siri kati ya mdhibiti na taasisi. Zipo sentensi zinazoonekana za kawaida, kumbe zinaanika aibu ya mwajiri. Tazama hii: “Nilipunguza muda wa kupeleka taarifa za miamala shuku kutoka siku tano hadi siku moja.” Mwandishi wake amejisifu, lakini pia amekiri kwa niaba ya benki yake kuwa ilikuwa ikivunja sheria kwa siku nne. Mwajiri mpya atajiuliza: mtu huyu akiondoka kwangu, ataandika nini?

Njia salama ni kueleza utaratibu bila kutaja tukio. “Niliandaa mwongozo wa hatua za kufuata kuanzia shaka inapojitokeza tawini hadi taarifa inapokamilika, na kuwafundisha maafisa wa matawi 14 kuutumia.” Sentensi hiyo inaonyesha uwezo, inatoa kiasi, na haimtoboi mtu. Pale inapolazimu kueleza ukubwa wa taasisi, yatosha kusema “benki ya biashara ya ukubwa wa kati” na kutaja idadi ya matawi iliyokwisha kutangazwa hadharani.

Kuna faida nyingine. Msaili anayeona kuwa mwombaji amejua mahali pa kunyamaza amekwisha kupata jibu la swali moja muhimu hata kabla ya usaili kuanza.

“Niliongoza” na “nilishiriki”

Kazi ya uzingatiaji hufanywa na wengi. Mwongozo huandikwa na mmoja, hupitiwa na mwanasheria, huridhiwa na menejimenti na kupitishwa na bodi. Anayeandika “nilianzisha” kwa jambo ambalo yeye alichapa kumbukumbu za kikao tu, amejitegea mtego mwenyewe. Maswali mawili ya ziada yatamtoa jasho.

Vitenzi vipo vya kutosha kwa kila kiwango cha ushiriki: niliongoza, niliandaa rasimu, nilichambua, nilipendekeza, niliratibu, nilisaidia. Kutumia “niliandaa rasimu” mahali panapostahili hakumshushi mwombaji. Humwonyesha kuwa mtu anayepima maneno yake, na upimaji wa maneno ndio kazi yenyewe anayoiomba. Wasifu mwingi katika sekta hii huandikwa kwa Kiingereza, na hapo kishawishi cha kuokota misemo mizito kutoka mtandaoni huwa kikubwa zaidi. Kanuni haibadiliki kwa kubadili lugha.

Wanaotoka fani nyingine

Si waombaji wote waliowahi kuitwa maafisa uzingatiaji. Wengi hutoka dirishani, katika ukaguzi, sheria, uhasibu au huduma kwa wateja. Hawa wasidhani kuwa hawana la kuandika. Karani wa benki ndiye jicho la kwanza. Ndiye anayeona kitambulisho cha NIDA kisichofanana na sura iliyo mbele yake, au mteja anayegawa fedha zake vifungu vidogo vidogo ili asiulizwe. Karani aliyependekeza fomu irekebishwe ili makosa ya kujaza yapungue, na pendekezo lake likakubaliwa, amefanya kazi ya uzingatiaji ingawa cheo chake hakikusema hivyo.

Mhitimu wa chuo naye anaweza kutumia mafunzo kwa vitendo. Aliyepanga kumbukumbu za mikataba katika halmashauri, akabainisha iliyokwisha muda na kuandaa jedwali la tarehe za kuihuisha, ana mafanikio ya kuyaandika. Vyeti vya kitaaluma, kama kile cha CAMS kinachotolewa na taasisi ya ACAMS, huongeza uzito. Lakini cheti huonyesha kuwa mtu amesoma, hakionyeshi alichokifanya. Mahali pake ni baada ya mafanikio.

Kwa umbo, kurasa mbili zinatosha kwa waombaji wengi. Kila nafasi ya kazi ipewe mafanikio matatu au manne, yenye uzito yakitangulia, na majukumu yaelezwe kwa mstari mmoja tu ili msomaji ajue mazingira.

Njia ya mwongo

Kutia chumvi katika wasifu ni kosa katika kazi yoyote, lakini katika uzingatiaji kunabomoa msingi wenyewe wa kuajiriwa. Mtu anaombwa alinde ukweli wa nyaraka za taasisi. Akianza kwa kughushi nyaraka zake mwenyewe, hana tena cha kuuza. Watanzania wanaikumbuka Aprili 2017, ilipotangazwa kuwa uhakiki umebaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wengi wao walikuwa wamekaa kazini miaka mingi wakidhani mambo yamekwisha. Katika benki, uteuzi wa viongozi waandamizi hupimwa pia na Benki Kuu, ambayo huangalia uadilifu na ufaafu wa mhusika kabla ya kumridhia. Njia ya mwongo ni fupi, na katika sekta hii imezungukwa na wakaguzi.

Kinga ya kishawishi hicho ni kumbukumbu. Waombaji wengi hutia chumvi kwa sababu hawakuandika ukweli ulipokuwa mbichi. Miaka mitatu baadaye hawakumbuki kama majalada yalikuwa 600 au 900, na hapo huchagua namba kubwa. Aliye kazini sasa anashauriwa kuwa na daftari lake la kuandika kila robo mwaka hali aliyoikuta, alichokifanya na kilichobadilika, bila majina ya wateja wala namba za akaunti. Asibebe nyumbani nakala za taarifa za ofisi wala kujitumia kwa barua pepe binafsi, kwa kuwa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja taratibu hauwezi kumsaidia anayeomba kazi ya kuzilinda.

Na kabla ya kutuma maombi, kila mstari wa mafanikio upitishwe katika maswali matatu. Ulijuaje? Nani mwingine anaweza kuthibitisha? Mwajiri wako wa sasa akiusoma, atakuwa na sababu ya kulalamika? Mstari utakaoshinda maswali yote matatu uachwe kama ulivyo. Utakaoshindwa hata moja uandikwe upya au ufutwe, maana ukibaki, maswali hayo hayo yataulizwa tena katika chumba cha usaili.